Kijiti cha Mjomba

Mama Neema,

Hamjambo hapo nyumbani? Huku Mpanda mvua imegoma kukatika, na mjomba ananilisha ugali na samaki aina ya migebuka hadi mkanda unanibana.

Mke wangu, leo nimeona wivu. Mjomba anafua chuma hapa Makanyagio, seremala wake yuko Kawajense. Wanamtengenezea Msukuma mmoja mkokoteni wa ng'ombe, kila mtu na kipande chake, na wiki nzima hawajaonana. Kinachowaunganisha ni kijiti chenye alama za vipimo. Mmoja akibadilisha kipimo anakata alama mpya, anampa yeyote anayeelekea kwa mwenzake. Leo ekseli ya chuma ya mjomba imeingia kwenye gurudumu la seremala bila kugongwa nyundo. Sisi pale chuoni, programu yako na yangu zinatumiana ujumbe kwa kompyuta mwaka wa pili sasa, kila moja ikisanifu upande wake wa pampu, na pande zenyewe bado hazikutani!

Nikawa nakigeuzageuza kijiti. Mjomba akaninyang'anya: "Lete hapa. Ukikaa nacho bila kukata alama, unamchelewesha mwenzio."

Nikaja kukuandikia barua hii. Ile disketi ya vipimo vyako vipya uliyonipa niviingize kwenye programu yangu, nikakwambia imepotea, haikupotea. Niliificha, maana programu yako inafanya kazi, yangu inakwama, na wakubwa wanakusifu wewe. Iko kwenye droo yangu, chini ya soksi. Iweke mezani, nikishuka kwenye treni naanza na hiyo.

Mbusu Neema. Nawe kasirika mapema, ili nikifika uwe umemaliza.

Baba Neema