Ndege wa Barafu Amerudi Sabaki

Baba,

Shikamoo. Nimemwona.

Nimemwona jana asubuhi, pale pale uliposimama wewe, mto Sabaki unapoingia baharini.

Unakumbuka nilivyokuaibisha nikiwa kidato cha pili? Nilikimbilia kitabu cha ndege kabla ya kutazama sawasawa, nikamgeuza kinda wa shakwe, ndege wa kila siku hapa pwani, kuwa mgeni wa ajabu. Ukaniambia, "Kalamu kwanza, mwanangu, kitabu baadaye. Ukianza na kitabu, macho yataona unachokitaka."

Jana kitabu kilikaa mkobani. Nilichora: mwili wa kahawia, mzito kuliko wa shakwe. Kichwa kimepauka. Doa jeupe kwenye kila bawa. Alimfukuza buabua, ndege mdogo wa baharini, juu ya mawimbi mpaka maskini akatapika samaki wake, naye akamdaka samaki kabla hajagusa maji. Nilitaka kupiga kelele, Baba. Nikaandika.

Mzee Kazungu alikuwa kando yangu na darubini yake. Ndiye yule rafiki yako aliyekuwa akikuuliza mbele za watu, "Charo, ndege wako wa barafu hajayeyuka tu?" Ulicheka pamoja nao. Nyumbani hukucheka. Nilikuona ukiutazama ule ukurasa wa daftari lako ulipomwandika ndege huyo, ambao wakaguzi wa rekodi za ndege waliutia alama ya kuuliza kwa kuwa ulikuwa peke yako, bila shahidi wala picha.

Naye Mzee alikuwa amechora mchoro wake. Tukalinganisha michoro, ndipo tukafungua kitabu: skua wa Ncha ya Kusini, anayeanguliwa huko kwenye barafu. Picha ninazo tatu, safi.

Mzee akavua kofia. "Charo, niwie radhi," akasema, akiikabili bahari. Kisha akanigeukia: "Na wewe umerithi ubishi wake."

Nimeupokea, nikamwambia. Wote.

Nilipofika nyumbani nilifungua daftari lako. Uliandika kichwa kilichopauka. Uliandika doa la bawa. Uliandika hata yule buabua aliyeporwa. Ile alama ya kuuliza sikuifuta. Chini yake nimeandika: "Ameonekana tena. Mashahidi wawili." Halafu nikakata "wawili", nikaandika "watatu", nikikuhesabu nawe.

Pumzika kwa amani sasa, Baba. Nakuahidi: kalamu kwanza, hata siku nitakapokuwa na hakika.

Mwanao,
Kadzo