Funda Moja la Tambiko

Chanika, Handeni
4 Machi 2024

Yasinta,

Salamu utazipata, maana adabu yangu haijafa. Mimi mzima, miguu ndiyo inavimba. Mwanao Simeo mzima, anakula kuliko mbuzi. Wewe sikuulizi hali. Jumapili nilikuona una nguvu za kutosha kunitia aibu.

Anayeniandikia ni Rubab wa duka la vitambaa. Nimemwambia asilainishe kitu.

Mchungaji alikuombea mpaka sauti ikamkauka, ukarudi kwenye gongo. Hospitali wakakupa vidonge, ukarudi. Basi nikaita ukoo tukufanyie tambiko. Baba yako mdogo Abraham kapika boha, pombe nzuri ya miwa, wazee wametoka mbali, mizimu imemiminiwa, kibuyu kinakufikia wewe mgonjwa upige funda moja tu ufunguliwe, na wewe unageuza uso kama umepewa mkojo. Ukapanda bodaboda, huyoo, ukarudi zako Ngombezi. Nani kakufundisha?

Simeo habanduki hapa mpaka urudi umalize. Nimesema.

Mama wa baba yako

*

Ngombezi, Korogwe
11 Machi 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini miguu inapungua. Mimi mzima, naanika mkonge kiwandani, mikono ndiyo inawasha.

Umekasirika, na mimi nimekasirika. Mlitaka kunitoa pombe kwa pombe. Wewe unaliita funda moja. Mimi funda moja silijui, halijawahi kukaa peke yake mwilini mwangu. Ningelimeza, mngeniokota kilabuni kabla wazee hawajavaa viatu.

Mizimu sikuidharau. Nina kikundi Masuguru. Kila Jumamosi tunakaa, waliokunywa na waliovuta unga, kila mtu anasema lake na hachekwi. Mwenzetu Habakuki anakunywa dawa ya hospitali kila siku, ndiyo inayomshika. Mama mmoja anashikwa na maombi. Mimi nashikwa na kile kikao. Kila mtu na mlango wake, Bibi.

Namtaka mwanangu. Na tangu lini umekuwa mama wa baba yangu? Toka nikiwa mdogo ulikuwa unaniita mke mwenza.

Mjukuu wako,
Yasinta

*

Ngombezi
2 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Pasaka imepita bila salamu yako. Ungenitukana ningejua upo. Leo nimepita mbele ya kilabu mara mbili, na njia ya kwenda kwangu haipiti pale.

Nitukane tu, Bibi.

Mjukuu wako

*

Chanika
9 Aprili 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba, za barua zote mbili. Miguu bado. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa ninazo zaidi, ila zimehama.

Eti kukaa na kusema. Nilimwambia Rubab, hawa wanatibiana kwa umbeya. Akacheka mpaka akaangusha mkasi.

Halafu sikiliza. Ile boha iliyobaki ilikuwa ya mizimu. Kumbe baba yako mdogo anaisaidia mizimu kuimaliza. Jumapili kaja na wenzake kudai tupike nyingine, eti umeuachia ukoo laana. Nikaingia jikoni. Natoka, namkuta amempakata Simeo, anamlambisha kwa kidole povu la pombe waliyokuja nayo, watu wazima wale wanacheka, na mtoto anaachama aongezwe.

Yasinta, nilimchapa mwiko mwanangu wa kumzaa, ana mvi zake kichwani. Kibuyu cha tambiko nikakipasua kwenye kinu. Wazee wanasema nimeikosea mizimu. Nimewajibu, ya kwangu nitaimiminia maji na unga. Isiyotaka ilale na kiu.

Na wewe bado nina neno nawe. Yale uliyoyaandika ungeyasema palepale, mbele ya kibuyu, badala ya kukimbilia bodaboda. Mdomo ulikuwa nao.

Jumamosi tunakuja na Simeo, basi la asubuhi. Nguo zake zote nimefunga. Njia ile ya kilabu usiipite tena, hata kama nyingine ina matope mpaka magotini. Songa ugali mkubwa. Nikikuta harufu, tunageuza na basi hilohilo.

Tukishakula unipeleke Masuguru kwenye kikao chenu. Mimi pombe sinywi, lakini nimezaa mnywaji na nimelea mnywaji, na nikianza kusema, huyo Habakuki awe ameshakunywa dawa yake, maana hatatoka mapema.

Mke mwenzio