Vita Kwenye Vidole vya Jemedari

3 Machi

Mpwa wangu, daktari wa mifugo mtarajiwa,

Huku sote wazima, mimi hasa. Homa ikinikuta njiani hunipisha. Na wewe je, na masomo?

Nina swali. Jemedari, mbwa wetu, ana vipele vyekundu katikati ya vidole, anajilamba kutwa. Mkaza mjomba wako anasema ni upele, utatuambukiza sote, na Jumamosi mbwa anaondoka. Mbwa yule! Juzi kafukuza chui wawili. Sawa, paka. Lakini wakubwa.

Halafu nina rafiki, fundi matofali kama mimi. Ana mstari mwekundu unaotambaa unyayoni, umejipinda kama barabara iliyochorwa na mlevi. Unawasha hadi anasahau adabu. Ni ugonjwa huohuo?

Mjomba wako, ngozi ya kiboko


5 Machi

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, mitihani tu inanitoa jasho.

Huo si upele. Jemedari ana minyoo tumboni. Mayai hutoka na kinyesi chake, na kwenye lundo lako la mchanga wa matofali, lenye unyevu, yanaanguliwa. Minyoo wachanga, wasioonekana kwa macho, wanapenya tena ngozi yake. Ngozi iliyowahi kuvamiwa inawatambua: inavimba na kuwasha, maana damu inatuma askari wake kuwazingira palepale. Mpe dawa ya minyoo, na mchanga ufunike kwa turubai.

Kwa mtu, mnyoo huyo hupotea njia. Anazungukazunguka ndani ya ngozi, na kila apitapo panavimba. Huyo rafiki yako anayekanyaga mchanga peku aende zahanati. Msalimie, na mkewe pia, ambaye nadhani ni mkaza mjomba wangu.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, mchawi wee!

Jumamosi Jemedari alishafungwa kamba, mtu wa kumchukua yuko mlangoni. Nikasema tatizo ni mchanga, si mbwa. Nani anisikilize? Nikavua soksi mbele ya watu.

Mkaza mjomba wako akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka kisigino. "Wiki mbili unalala na soksi, unaniambia baridi?"

"Ilikuwa baridi kali."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mfungueni mbwa. Kama ni kufukuza wenye minyoo, tungeanza na huyu mkubwa."

Basi Jemedari yupo, mchanga una turubai, na mimi navaa buti. Wateja wananiita injinia. Dawa tulimeza siku moja, mimi na mbwa. Yeye hakukunja uso. Mimi nilishikwa mikono na watu wawili. Wanne, kusema kweli.

Mjomba wako