Mawe Yako ya Mlimani

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Paka kazaa, na paa la jikoni limezibwa.

Barua yako nzima unaulizia mawe uliyomwachia mama, hasa lile lenye alama ya konokono, la tangu enzi milima ile ilipokuwa chini ya bahari. Mazishi yake hukuyagusia hata kwa neno moja!

Aliyaosha kwa sabuni akidhani anakusaidia, namba ulizoandika zikafutika, ukamfokea kwenye simu mpaka akalia. Alipougua ukasema uko mlimani, una kazi. Milima ina mamilioni ya miaka, ingekungoja. Mama hakuweza.

Usihofu, mawe yako yote yapo. Nimeyapanga kuzunguka kaburi lake. Njoo uyachague mwenyewe, umepiga magoti.

Ni mimi,
dada yako