Mama Mdogo Anataka Niache Somo Nilee Mapacha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana mimi sina shida ya mapenzi kama wengi wanaokuandikia, mimi nina raha, na raha yenyewe ndiyo inayotaka kuniponza. Ni kijana wa kiume, niko mwaka wa pili chuo kikuu katika nchi isiyo yangu, nasomea kupima macho na kutengeneza miwani, na naipenda kazi hiyo kuliko kula. Mwaka wa kwanza nilikaa bweni na mwenzangu tuliyekuwa tukisalimiana kwa nyusi tu, nikawa mpweke hadi nikaanza kuongea na birika la chai, ndipo mama mdogo, tumbo moja na mama yangu, aliyeishi huku miaka mingi na ndiye aliyenihangaikia nikapata nafasi ya chuo, akaniambia hamia kwangu, nikahamia, na haukupita muda akajifungua mapacha wa kike.

Mshauri, sijui nikuelezeje. Mimi niliyekuwa siwezi kushika kikombe bila kukidondosha, sasa namvisha mmoja nepi huku nikimbembeleza mwenzake kwa mguu, wenzangu chuoni wananiita Yaya nami naitika bila aibu, na yule mdogo akianza kulia hanyamazi mpaka asikie sauti yangu. Baba mdogo ni dereva wa malori ya masafa, yuko njiani kuliko anavyokuwa nyumbani. Sasa likizo ya uzazi imekwisha, mama mdogo anarudi kupiga pasi mashuka hotelini, zamu ya asubuhi, na asubuhi ndipo nina fizikia ya mwanga, somo gumu la mwalimu anayefuta ubao kabla hatujamaliza kuandika.

Juzi tukiwa jikoni akaniambia, "Hilo somo liache, utalisoma mwakani. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Mama mdogo, kibali changu cha kukaa huku ni cha mwanafunzi wa masomo kamili. Nikipunguza hata moja nimeshavunja masharti."

Akaacha kukoroga uji, akanitazama. "Mimi niliyekuleta huku, leo unanisomea sheria? Ama kweli, fadhila ya punda!"

Tangu siku hiyo ananiongelesha kwa mkato. Ukweli ni kwamba moyo wangu nao unataka kuliacha, nikae na mapacha na fizikia inipishe, lakini naogopa kufukuzwa, halafu kuna jingine, tangu nihame bweni sijawaambia chuo ninakoishi. Nifanyeje nisimkose mama mdogo wala shule?

Yaya wa Mapacha

MAJIBU

Yaya, kwanza hongera. Kuna akina baba wanaosoma ukurasa huu ambao hawajui nepi inaanzia wapi.

Lakini sasa kaa vizuri nikuseme. Mama mdogo umemtwisha lawama zote, kumbe nusu ya jambo hili ni wewe na uoga wako wa fizikia. Utampimaje mtu macho ikiwa mwanga wenyewe unaukimbia? Na hilo la kuhama kimyakimya ni uzembe mtupu. Serikali haina mama mdogo, mwanangu. Haitauliza ulikuwa unambembeleza nani. Itauliza ulikuwa darasani au hukuwa, na unaishi wapi.

Mama yako mdogo si mbaya. Amechoka, mume yuko barabarani, zamu inamsubiri. Hajui kibali chako kimesimama juu ya nini, na wewe ulimjibu kama hakimu. Basi usiguse somo lolote. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni, uende naye, asikie kwa masikio yake. Waambie umehama. Kisha uliza kama kuna njia nyingine ya kulisoma somo hilo. Kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo usinisikilize mimi wala wenzako wa chuoni; wasikilize hao.

Haya nilimwambia Yaya kwa simu kabla gazeti halijatoka. Jana kaniandikia tena. Walikwenda wote wanne, mapacha wamelala kwenye kigari chao. Mama wa ofisini akamuuliza, "Somo umeshaliacha?"

"Bado."

"Basi umekuja wakati mzuri. Wengi wanakuja kwangu wakiwa wameshaharibu."

Anwani mpya ikaingizwa palepale, na karipio juu. Kumbe fizikia hiyohiyo ina kundi la mchana, chini ya mwalimu mwingine, na nafasi ilikuwepo. Mama mdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Angeliacha, ingekuwaje?" Akajibiwa kwamba kijana angeweza kupoteza kibali na kurudishwa kwao. Walipofika nje, akamshika mkono: "Mwanangu, ningekufukuza kwa mikono yangu mwenyewe."

Asubuhi sasa ni za mapacha, mchana ni wa fizikia, na nyumba imerudi kucheka.

Nanyi wengine mlio ugenini, nawasikia mkisema "nitakwenda kesho kuuliza." Kesho ya nini? Swali la leo linajibiwa kwa dakika tano. La kesho linaweza kujibiwa uwanja wa ndege. Vaa viatu uende.