Kitufe cha Nne

Jumatatu, 10 Februari 2025

Wamekubali! Naandika kwanza ili niamini. Sauti ya makumbusho ya kijiji cha Pradatsch itakuwa yangu — mimi Lurdes, mfuta vumbi!

Kamati ilikaa jikoni mwa makumbusho saa nzima, mlango wazi, nami napiga deki ukumbini. Masikio sikuyaziba. Walitafuta mwanakijiji wa kurekodi maelezo ya vitu kumi, mgeni akibonyeza kitufe asikie Kiromanshi chetu, lugha ya milima hii ya Uswisi. Kila jina lililotajwa likakataliwa. Huyu anaongea puani. Yule anakimbiza maneno. Wa tatu amekaa mno Zurich, Kijerumani kimemjaa mdomoni. Mwisho Jachen, mwenyekiti, aliyekuwa bwana posta, akauliza: basi ni nani anayevijua vitu vyote kumi kwa majina? Wote wakanigeukia, mimi na ndoo yangu.

"Lakini huyu Mreno," akasema mtu.

"Mreno wa miaka ishirini na nne hapa," Jachen akamjibu. "Na anaongea kuliko mwanao."

Nimempigia dada yangu, yuko Chaves, kwetu Ureno. Makumbusho ya nini, kauliza. Ya lugha ya watu wa huku. Akacheka mpaka akapaliwa. Lugha yao, na msemaji wewe!

Ndiyo. Mimi.

Jumatano, 12 Februari

Nimefanya mazoezi kwa Bibi Uorschla. Kwani ningeenda kwa nani? Nilipokuja kufanya kazi hotelini nilipanga chumba juu ya jiko lake, na Kiromanshi changu chote kimetoka kwenye jiko hilo. Ana miaka themanini na sita sasa, na ulimi haujapungua hata inchi moja.

"Usiseme kama unaomba samahani," kaniambia. "Sema kama unaniita chakula kinapoa."

Nikasema hivyo. Sanduku la kukandia unga. Chombo cha kusukia siagi. Kiti kirefu cha karibu na jiko la kuni. Kikapu cha mgongoni. Alikuwa anakwangua viazi vya kuoka kwenye jiko, akajifanya hanisikilizi. Lakini nilipofika kwenye kikapu aliacha kukwangua. Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamuuliza nimekosea? Hapana, mwanangu, umesema vizuri sana.

Amenifungia kipande cha keki ya njugu. Furaha anaificha, lakini mimi namjua.

Jumanne, 18 Februari

Mambo yameharibika. Kwa sababu ya kiazi!

Asubuhi ilianza vizuri. Köbi, fundi wa sauti kutoka mjini, Kiromanshi hajui hata neno, kanikabidhi ufunguo wa akiba wa kabati dogo la mashine: wewe ndiye mfuta vumbi, utunze. Kitufe cha kwanza safi. Cha pili, cha tatu, safi. Jachen kavaa hedifoni, anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Cha nne, kikapu. Nikasema kilikuwa cha kubebea *ardöffel* kutoka shambani.

Jachen akavua hedifoni.

"Umesema nini?"

"Ardöffel. Viazi."

"Hapa viazi ni *mailinterra*, Lurdes! Ardöffel ni neno la bonde la juu!"

Mailinterra nalijua, dukani nalisikia kila siku! Miaka yote hii nilidhani ni neno la dukani, la viazi vya mfukoni na bei yake, na ardöffel ndilo neno la nyumbani, la zamani, la heshima. La makumbusho! Nani angeniambia? Walionisikia walidhani nafanya mzaha. Mmoja kaniambia leo alifikiri ni Kireno.

Kireno ni batata. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda kwa Bibi Uorschla nikiwa na hasira. Mbona hukuniambia? Akaniwekea kiti. Akachukua kisu na viazi, maana mikono yake haiwezi kukaa bure.

Kumbe hivi. Aliletwa hapa bibi harusi kutoka bonde la juu, miaka sitini na moja iliyopita. Wiki ya kwanza akaenda dukani akaomba ardöffel. Duka zima likacheka. Kuanzia hapo wakamwita Ardöffel. Wamwone anapita, Ardöffel huyo! Kanisani, Ardöffel kaja na kofia mpya! Mwaka mzima, miwili. Akajifunza mailinterra upesi. Neno lake akalifungia jikoni, akamwambia mume na watoto tu. Watoto wakahama. Mume akafa.

"Halafu ukaja wewe," akasema, "hujui neno hata moja. Nikasema, huyu hawezi kunicheka."

Nikalia. Yeye hakulia, alimenya. Nikamwambia kwamba Jachen anataka nirekodi upya.

"Rekodi. Mimi nilibadilisha na sikufa."

Ila kiazi alichokuwa anamenya kilikuwa kimebaki kama zabibu.

Jumatatu, 24 Februari

Nimemwambia Jachen sibadilishi.

Tulikuwa ukumbini, Köbi amelala chini anafunga nyaya. Jachen akapandwa na hasira. Unajua tulivyopigana, Lurdes? Mji ulituletea maelezo yameandikwa kwa Kiromanshi cha makaratasini, ambacho hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mtoto. Miaka mitatu nimeandika barua ili makumbusho ya Pradatsch yaseme Kipradatsch! Leo nilegeze kwenye viazi, kesho watakuja na nini?

Na ana haki yake, ndilo linaloniuma. Amepigana kweli kwa barua hizo.

Nikamwambia kwamba Bibi Uorschla amekaa Pradatsch miaka sitini na moja. Kikapu chenyewe ni chake, yeye ndiye aliyekitoa kwa makumbusho! Amebebea nini humo, kama si ardöffel?

"Alibebea mailinterra! Shamba liko huku!"

Hapo Köbi akainua kichwa akauliza, kwa Kijerumani, tunagombania nini. Jachen akamweleza, neno kwa neno. Köbi akakuna kidevu. Mailinterra, umesema, ni tofaa la ardhini? Na ardöffel, mnavyolitamka, si Kijerumani cha zamani cha — tofaa la ardhini? Basi ni kitu kilekile!

"Wewe nyamaza!" tukamwambia, mimi na Jachen, kwa pamoja. Hatujawahi kupatana hivyo.

Mwisho Jachen kanipa mpaka Ijumaa. Nirekodi neno moja, au vitufe vyote kumi vitarekodiwa na mpwa wake. Yule wa puani!

Jumatano, 26 Februari

Nimefuta vumbi kwenye kikapu mara tatu. Naitaka kazi hii. Naandika hapa kwa kuwa hapa sijifanyi: naitaka sana. Watoto wa watoto wao waje, wabonyeze, wanisikie mimi. Nilifika hapa na sanduku moja, na sasa nyumba ya lugha yao ingesema kwa kinywa changu. Neno moja tu! Ningelisema kwa pumzi moja.

Kisha namwona yule bibi harusi katikati ya duka.

Hapana.

Ijumaa, 28 Februari

Nimeenda na hapana yangu, nimeikariri njia nzima. Jachen hakuningoja niiseme.

"Nimeshalimaliza. Sauti inabaki yako. Nenda kapange viti."

Umelimalizaje, nikamuuliza. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Köbi naye anakunja nyaya zilizokwisha kukunjwa, hataki kunitazama. Nikauliza nibonyeze nijaribu. Wote wawili: usiguse! Umeme utawashwa kesho kwenye ufunguzi.

Hawa wana lao jambo.

Bibi Uorschla anasema haji. Goti. Goti gani, jana alikuwa anazoa theluji uani kwa koleo!

Jumamosi, 1 Machi

Chalandamarz, sikukuu ya Machi mosi! Naandika stoo, nimekalia ndoo. Nimesema nafuata vikombe. Ukweli ni kwamba siwezi kusimama mle ndani wakinisikiliza.

Watoto wamezunguka kijiji tangu alfajiri na kengele za ng'ombe, kufukuza baridi, na sasa wamejaa ukumbini wote na kengele zao. Kijiji kizima kipo. Na nani kaketi kiti cha mbele, kofia kichwani, fimbo magotini? Yeye! Goti limepona.

Jachen amemaliza hotuba. Kitufe cha kwanza. Ee Mungu, hiyo ni mimi. Ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu. Nasema vizuri! Kama chakula kinapoa.

Cha pili. Mtu amekohoa.

Cha tatu.

Cha nne. Hiki ni kikapu cha mgongoni, nasema, kilikuwa cha kubebea —

"MAILINTERRA!"

Jachen! Sauti nzito ya Jachen, katikati ya yangu, kama mtu aliyetumbukia kisimani! Halafu mimi tena, taratibu, kutoka shambani. Hakuita hata mpwa. Amejipachika mwenyewe!



Kicheko. Kimeanza kimoja, chembamba, cha kukwaruza, nakijua, kimenifundisha lugha. Sasa chumba kizima kinacheka, na Jachen anasema ngojeni, ngojeni jamani, na hapana anayengoja.

Fimbo inagonga sakafu.

"Ardöffel!" anasema Bibi Uorschla. Kwa nguvu, mbele ya watu wote. "Humo nilibebea ardöffel!"

Naandika haraka. Mtoto mmoja amejibu ardöffel! Wa pili. Sasa wote, kengele na wao, ar-döf-fel, ar-döf-fel, glasi zinatikisika hapa rafuni. Wazee waliomcheka dukani kule sijui wanatazama wapi.

Kengele zimenyamaza. Jachen anaita, yuko karibu na mlango.

"Lurdes! Lurdes! Mashine hii inafutwaje?"

Afute nini, hajasema. Mailinterra yake, au ardöffel yangu iliyo chini yake: lipi kati ya mawili? Köbi amerudi mjini na ufunguo wake; wangu wa kabati ninao mfukoni, nimeushika, una joto. Anagonga mlango.