Sahani ya Ijumaa, Likoni

Mama,

Shikamoo. Likoni kuna joto la kukamua shati. Uliniasa nisisahau Kwaresima huku pwani, nami jana Ijumaa nikabandika sufuria ya nyama bila kukumbuka! Magharibi, jirani yetu Bi Mwanaisha, Mwislamu aliyefunga Ramadhani kutwa nzima, akabisha hodi na sahani ya futari, mihogo ya nazi.

"Mwanangu, leo Ijumaa yenu, hamuli nyama. Nimekutilia samaki."

Nyama yangu ilikuwa inanukia hadi mlangoni. Akatabasamu, akanikabidhi sahani.

Basi nikala samaki, nyama ikangoja Jumamosi. Unapotuombea wanao tufike mbinguni, mtaje na yeye. Mimi nikifika huko nisimkute, nitauliza.

Wako akupendaye,
Katunge